Mama Yupi? Kisa cha binti wa Bukavu katika familia ya Kikristo Marekani

Kabla ya kuanza

Kisa hiki nimekiandikia wakalimani, wachungaji na wengine wanaoitwa kusaidia familia zilizoasili watoto kutoka kwetu. Wazazi wenyewe wamesoma rasimu na wameniruhusu. Mji, jimbo, kanisa, wakala wa uasili na kazi za wazazi nimeviondoa, na umri na miezi kadhaa nimeisogeza. Mtoto nitamwita Furaha. Si jina lake, ila linafanana na lake kwa jambo moja: linatafsirika. Hilo lilileta matatizo yake.

Mimi ni Mtanzania, nimekulia Kigoma, na kwa zaidi ya miaka kumi natafsiri Kiswahili mahospitalini na mashuleni huku Marekani. Sikuwa mshauri wa familia hii wala ofisa ustawi wao. Niliitwa kutafsiri, nikaharibu, kisha nikabaki kusaidia kutengeneza nilichoharibu.

Usuli

Wazazi ni Wamarekani weupe wa kanisa la kiinjili, wenye vijana wawili wa kuwazaa, wakati ule wa miaka 9 na 12. Wazo la kuasili lilianzia kanisani. Mwaka 2009 mkutano mkuu wa Wabaptisti wa Kusini ulipitisha azimio la kuwahimiza waumini kuasili na kutunza yatima, na upepo huo ukavuma hadi kwenye madhehebu mengine. Kwenye friji yao palibandikwa Yakobo 1:27, ile aya ya kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Neno "wajane" hapo hakuna aliyelitilia maanani, nami nikiwemo.

Waliichagua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa sababu milango mingine ilikuwa inafungwa. Guatemala ilisitisha mwanzoni mwa 2008, Urusi ikawafungia Wamarekani kuanzia Januari 2013. Mwaka 2004 watoto walioasiliwa kutoka nje na kuingia Marekani walizidi 22,000. Mwaka 2023 hawakufika 1,300. Kongo haikuwa imejiunga na Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa, kwa hiyo mambo yalipitia mahakama ya kule na viza ya yatima ya Marekani. Kati ya mahakama na ubalozi, mengi yalikuwa mikononi mwa wakala na watu wake.

Hukumu ya mahakama ilitoka katikati ya 2013, Furaha akiwa na miaka miwili na nusu. Tarehe 25 Septemba mwaka huohuo idara ya uhamiaji ya Kongo, DGM, ikasimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa. Serikali ilitaja taarifa za watoto kuteswa huko walikokwenda, au kukabidhiwa kwa watu wengine baada ya kufika. Mamia ya familia zilikwama. Kwa karatasi Furaha alikuwa binti yao na jina lao alikuwa nalo, lakini alikuwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nao hawawezi kumtoa. Faili zilianza kuachiliwa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016.

Miaka yote hiyo hakukaa kituoni. Alikaa na mama mlezi, mjane asiye na mtoto wa kuzaa, aliyekuwa anaishi na binti wa dada yake. Familia ilimlipia Furaha kila mwezi kupitia wakala. Katika daftari la baba, mjane huyu alikuwa mstari mmoja: "malezi, Bukavu", na kiasi cha dola. Picha za mtoto zilikuja kila robo mwaka. Nimeziona zote. Karibu kila picha ina mkono wa mtu mzima begani kwa mtoto na kipande cha kitenge cha kijani pembeni, na uso wa mwenye mkono umekatwa.

Yaliyotokea

*Machi hadi Julai 2016*

Mama wa Marekani alimpokea Furaha kwenye ukumbi wa hoteli, Kinshasa. Kijana wa wakala alikuwa amesafiri naye kwa ndege kutoka Bukavu. Mtoto alivaa gauni jipya na viatu vilivyomzidi kidogo, na alishika mfuko wa plastiki. Hakulia. Mama alimshukuru Mungu kwa utulivu ule, na utulivu ukadumu hotelini, kwa daktari wa viza, ubalozini, hadi kwenye ndege.

Uliisha wiki ya pili Marekani. Alianza kulala sakafuni, mlango wa mbele wa nyumba, akiwa na viatu miguuni. Akibebwa kurudishwa kitandani alipiga mateke, na alfajiri wakamkuta mlangoni tena. Alificha mkate, ndizi na sabuni ndani ya mfuko wake. Akinyang'anywa mfuko alipiga yowe hadi majirani wakatoka nje.

Wazazi walikuwa wamempa jina la Joy. Waliona kwamba kwa kulitafsiri wamelihifadhi jina lake. Aliitwa mara tatu, mara nne, hageuki. Wakampeleka kupimwa masikio, yakakutwa mazima.

Kingine kilikuwa macho. Mafunzo ya wakala yalisema mtoto anayekwepa macho huenda hajajenga uhusiano na wazazi, basi baba alikuwa anamshika kidevu taratibu na kumwambia amwangalie. Sasa mchukue mtoto wa Kivu, msimamishe mbele ya mtu mzima anayemkemea, kisha mwambie amkazie macho. Kwetu huo ni ujeuri. Furaha alifumba macho kabisa, na kufumba macho kukahesabiwa uasi. Adhabu ikawa kukaa peke yake chumbani mpaka atulie. Kwa mtoto aliyekuwa hataki kuondoka mlangoni, adhabu hiyo ilikuwa kama kumwagia petroli.

Mzee mmoja wa kanisa aliwakumbusha Mithali 13:24, ile ya fimbo. Wazazi walikataa, walikuwa wamesaini ahadi ya kutompiga mtoto, na kwa hilo nawapa heshima yao, maana mzee hakuishia kuwakumbusha mara moja.

Mwezi wa Juni walimpeleka mbele ya kanisa kuwekwa wakfu. Kwenye skrini kubwa zikapita picha za Bukavu. Furaha akamchomoka mama, akakimbia jukwaani, akaweka kiganja chake juu ya skrini na kupiga kelele. Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakilia. Video ya siku ile ninayo nakala yake, na nimeirudia mara nyingi kuliko nilivyohitaji. Kiganja chake hakikuwa juu ya sura yake mwenyewe. Kilikuwa juu ya ule mkono.

Kufikia Julai mama alikuwa hoi. Rafiki wa kikundi cha Biblia akampa namba ya familia nyingine "inayopokea watoto waliowashinda wenzao". Mambo haya yapo. Septemba 2013 Reuters walichapisha uchunguzi mrefu kuhusu wazazi Wamarekani waliowakabidhi watoto wao wa kuasili kwa watu waliowapata kwenye intaneti. Mama hakupiga ile namba. Hakuitupa pia. Aliiweka ndani ya Biblia yake.

*Dukani*

Agosti walikwenda duka la Waafrika kutafuta mafuta ya nywele. Mwenye duka ni mama wa Fizi, Kivu Kusini, aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Furaha aliona pakiti za samaki wadogo wakavu, akasema kwa sauti, "Sambaza!" Wazazi walikuwa hawajamsikia akisema neno zima kwa wiki kadhaa.

"Unatoka wapi, mama?" mwenye duka akamuuliza, kama tunavyowaita watoto wa kike.

"Bukavu."

"Na huyu ni nani?"

"Huyu muzungu. Mama iko. Ananingoya."

Mama mzungu alitabasamu. Miezi mitano alikuwa amesikia "mama iko, mama iko" kila usiku mlangoni, na aliamini kwamba anaitwa yeye. Mwenye duka hakutabasamu. Alinipigia jioni ileile: "Kaka, kuna mtoto wa wazungu huku anasema mama yake yuko hai."

*Kosa langu*

Siku mbili baadaye nilikaa mezani kwao. Nikamuuliza Furaha, mbele ya wote, "Mama yako yuko wapi?" Akajibu kwamba yuko Bukavu na anamngoja. Nikatafsiri hivyohivyo. Baba akauliza kama ni mama mzazi. Sikumgeukia mtoto kumuuliza. Nikajibu mwenyewe: ndiyo, mama yake.

Mama akaanza kulia. Baba akatoka nje, akasimama kwenye gari bila kuliwasha. Furaha aliangalia machozi yale, akaona yametokana na neno lake, akanyamaza. Hakusema kitu kwa siku nne, kwa lugha yoyote.

*Wiki tatu*

Wazazi walitafuta mwanasheria. Faili lilikuwa na cheti cha kutelekezwa kisemacho mama hajulikani. Je, karatasi ni ya uongo? Je, wamemnunua mtoto wa mtu bila kujua? Kisheria hakuna wa kuwagusa: kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, mtoto wa viza ile, uasili ukiwa umekamilika, anakuwa raia wa Marekani pale anapoingia nchini. Wangeweza kunyamaza. Baba akasema neno ambalo sijalisahau: "Kama tumemwiba mtoto wa mtu, nataka nijue leo, nisisubiri aje aniulize akiwa na miaka ishirini."

Mimi nilikuwa nyumbani nikiliwazia neno moja. Mimi mwenyewe nina mama mkubwa wawili na mama mdogo mmoja, na aliyeninyonyesha miezi mitatu mama alipolazwa naye namwita mama. Muuzaji wa karanga stendi ananiita baba, nami namwita mama. Nimetumia neno hili maisha yangu yote, halafu nimekaa mezani kwa watu nikalitafsiri kama lina maana moja.

Niliomba kurudi, safari hii na yule mama wa dukani, na nikaomba picha zote zitandikwe sakafuni. Tulikaa chini. Yeye ndiye aliyeuliza, kwa Kiswahili cha kwao, mama yupi. Furaha hakutafuta. Aliweka kidole juu ya kile kipande cha kitenge, picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Huyu."

"Na mufuko?"

Akaenda kuuleta. Mlikuwa na mikate minne imekauka, ganda la ndizi lililogeuka jeusi, soksi moja ya kaka yake, sabuni tatu ndogo za hoteli. Mkate ni wa mama. Sabuni ni ya mama. Soksi ni ya yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili chao: yule binti wa dada wa mjane. Mtu anayetoka safari harudi mikono mitupu, na mtoto wa miaka mitano alilijua hilo.

Kisha akaeleza, kana kwamba ni jambo ambalo kila mtu alilijua: alikuja kwa munganga, yaani daktari. Akimaliza, anarudia kwao.

Kule Bukavu walimwambia anakwenda Kinshasa kupimwa na daktari. Haukuwa uongo mtupu. Viza inahitaji kipimo cha daktari. Hakuna aliyemwambia kilichofuata. Hivyo kwa miezi mitano Furaha alikuwa katika nyumba ya wazungu wa hospitali, amevaa viatu, zawadi ziko tayari, anasubiri aambiwe amepona.

*Simu*

Namba ya mjane ilipatikana kwenye stakabadhi za zamani. Wakala hakuwa na shauku ya kusaidia. Nilipiga mimi, wazazi wakiwa pembeni na mtoto bado yuko shuleni, ili nijue kwanza nani anapokea.

"Allô? Mama Furaha hapa."

Miezi sita mtoto ameondoka, na bado mtaa mzima ulimwita kwa jina la mtoto. Nilishindwa kuendelea kwa muda. Nikajitambulisha, nikamwamkia, nikamweleza. Alilia, kisha akauliza swali moja tu: "Anakulaka muzuri?"

Alikiri mwenyewe bila kuulizwa: aliambiwa asimwambie mtoto ukweli, asije akalia uwanja wa ndege. Uwanjani Kavumu hakuruhusiwa kuingia. Kuhusu aliyemzaa hakuwa na la kuongeza. Furaha aliletwa kwake akiwa anatembea tayari.

Kesho yake Furaha akaongea naye. Kuongea ni namna ya kusema. Dakika tatu za mwanzo aliibandika simu shavuni na kufumba macho. Halafu akauliza, "Unakuya lini?" Kwa maneno yake Mama Furaha alifanya kazi ambayo sisi wote tusingeiweza. Alimwomba msamaha. Akamwambia yeye haji, na Furaha harudi kuishi kule. Akamwambia, "Hao sasa njo baba na mama yako. Uwasikilize. Miye niko mama yako wa huku, siendi fasi." Hakwenda popote, ndivyo alivyosema.

Usiku ule Furaha alivua viatu. Kisha zikaja wiki mbili za kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto, cha sauti ya chini, kama mtu mzima aliyefiwa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mgumu kuliko yote ulikuwa wa simu yenyewe. Mshauri mmoja wa kanisa aliona kwamba sauti ya mjane itafumua uhusiano uliokuwa haujashikamana. Baba naye aliogopa. Kilichowaelekeza ni hoja ya mama: tayari mtoto analala mlangoni, kuna uhusiano gani wa kufumua? Walikubaliana simu iwe kila Jumapili baada ya ibada, isiwe kila mtoto anapolia, ili isigeuke dawa ya kutuliza.

Kulala kulikuwa rahisi. Bukavu alilala kitanda kimoja na mama na yaya; chumba cha peke yake, na mapazia yake ya waridi, kwake kilikuwa kama selo. Wakatandika godoro sakafuni chumbani kwao. Adhabu ya kufungiwa peke yake wakaiacha na kufuata njia inayofundishwa na kituo cha Texas Christian University kilichoasisiwa na marehemu Karyn Purvis na mwenzake David Cross, ambayo kwa ufupi inamtaka mzazi amkaribie mtoto kwanza, marekebisho yafuate. Mama alikaa chini karibu naye, kimya, hata nusu saa. Chakula kikawekwa kwenye kikapu anachokifikia muda wote.

Jina lilirudi kuwa Furaha nyumbani, Joy likabaki la kati kwenye karatasi. Bibi mzaa baba bado anatumia Joy, na mtoto humwitikia. Kwa mtoto jambo hilo halikuwa kubwa kama lilivyokuwa kwetu.

Jukwaa walilikataa. Ilipofika Jumapili ya Yatima mwezi Novemba, mchungaji aliomba ushuhuda mfupi. Wazazi wakajibu kwamba kisa si chao kukisimulia. Mchungaji hakufurahi, kuna watu waliotoa michango ya nauli na ada, na walitaka kuona matunda. Familia ilikaa nje ya kanisa lile miezi miwili kabla ya kurejea.

Fedha ziliwagombanisha. Malipo ya mwezi yalikatika siku mtoto alipochukuliwa, na mjane alipoteza mtoto na kipato ndani ya wiki ileile. Mama alitaka kuendelea kutuma. Baba aliogopa isije ikaonekana ni bei ya mtoto, na hofu hiyo si ya kuchekwa, kwa sababu fedha za wageni zimewahi kuwageuza watoto kuwa biashara mahali pengi. Walifika kwenye ada ya shule ya yaya, inayolipwa shuleni moja kwa moja. Mimi niliona ni kidogo. Niliwaambia. Ndiyo siku aya ya friji ilisomwa hadi mwisho, na haikuwa mimi niliyeisoma, ilikuwa kijana wao wa miaka 12: "Huyu si mjane?" Sasa wanamtumia na yeye, mara mbili kwa mwaka, bila masharti.

Matokeo

Mlango wa mbele uliachwa ndani ya wiki ile ya simu. Mfuko ulidumu hadi Krismasi, ulipofungwa na kutumwa Bukavu ndani ya sanduku kwa mkono wa mchungaji Mkongo aliyekuwa anasafiri. Mikate ilibadilishwa, sabuni zikaenda zilezile.

Kiingereza kilikuja kwa kasi mara baada ya Kiswahili kuruhusiwa. Wazazi walikuwa wameambiwa itakuwa kinyume. Jumamosi anashinda dukani kwa mama wa Fizi, anasukwa na kukaripiwa kwa lugha yake. Wanawake wa pale humwita mama yake mzungu Mama Furaha. Mwanzoni alisita kuitika, akisema jina hilo lina mwenyewe. Mwenye duka akamwambia wanaweza kuwa wawili, hata watatu.

Yasiyopona yapo. Safari yoyote ya gari inayozidi saa moja bado inamtapisha, na hakuna ugonjwa uliopatikana. Kliniki haingii bila kuahidiwa kwa maneno kwamba atarudi nyumbani. Kijana wa pili wa familia alikaa mwaka mzima akiona amesahaulika, na aliwaambia wazazi wake hivyo kwa ukali.

Uchambuzi

Nianze na mimi. Mkalimani anafundishwa kutafsiri kilichosemwa, asiongeze, asipunguze. Lakini pale neno lina maana tano kwa msemaji na moja kwa msikilizaji, kanuni hiyohiyo inamtaka asimame na kusema: neno hili lina utata, naomba nimuulize. Sikusimama. Nilijua Kiswahili cha Kongo kiasi cha kuelewa kwamba "iko" ni "yuko", na ujuzi huo mdogo ulinipa kiburi. Pia nilimhoji mtoto mbele ya wazazi wake kuhusu jambo linalowagusa wao. Hilo sirudii.

Wazazi walipewa mafunzo mengi, na karibu yote yalihusu mtoto aliyekosa mama. Kukwepa macho, kuficha chakula, kutolala: kila dalili ilisomwa kama alama ya mtoto asiyewahi kupendwa. Huyu alipendwa. Mtoto aliyefiwa, na yule aliyetelekezwa, wanaweza kuficha mkate uleule, na huwezi kuwatofautisha kwa kuutazama mkate. Lazima umuulize mtoto, na watu wa kumuuliza kwa lugha yake hawakukaa mbali. Familia za Wakongo zilizohamishiwa mji ule kutoka kambi za Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa makumi. Ushauri waliopewa, wa kujifungia ndani na mtoto miezi miwili, kila tonge litoke mkononi mwa wazazi, una mantiki yake, na naamini kulishwa kwa mkono kulisaidia: hata siku mbaya hakuwahi kukataa tonge la mama. Ila kwa mtoto wa miaka mitano anayezungumza, kumfungia na watu wasiojua hata neno moja lake ni kumziba mdomo. Kwa mtoto mchanga ningesema mengine.

Imani yao ilifanya kazi pande zote mbili, na sitaki kuirahisisha. Simulizi ya kanisani ilikuwa na nafasi mbili tu, yatima na waokozi wake, na mjane wa Bukavu hakuwa na mahali pa kusimama humo. Ndiyo maana hata picha zilimkata uso. Simulizi ileile ilimfanya kila mtoto anayelia aonekane hana shukrani. Lakini imani hiyohiyo ndiyo iliyomfanya baba atake ukweli unaoweza kumgharimu binti, na iliyoizuia ile namba isitoke ndani ya Biblia. Wakati mgogoro umepamba moto hawakusema "mtoto ana tatizo". Walisema "tumekosea wapi?" Nimeona familia zenye mafunzo bora kuliko wao zisizoweza kuuliza hivyo.

Kilichofanya kazi kuliko chochote ni ruhusa ya Mama Furaha. Mbinu za kulala, kikapu cha chakula, kukaa karibu, zote zilikuwa nzuri na zote zilianza kuzaa matunda baada ya simu, si kabla. Hapo nina lawama na utaratibu mzima, wa Kongo na wa Marekani. Zingewagharimu nini siku tatu za mjane yule kukaa hoteli ileile Kinshasa, wamama wawili mezani pamoja, mtoto akaona mmoja anamkabidhi kwa mwingine? Nauli moja ya ndege. Familia ingelipa bila kuulizwa mara mbili.

Swali la cheti cha kutelekezwa halijajibiwa. Wazazi waliandika barua mahakamani na kwa wakala, na wakapata nakala ya karatasi waliyokuwa nayo. Wameihifadhi kwenye sanduku moja na picha zote, pamoja na mpya iliyotumwa kwa simu ambayo uso wa Mama Furaha unaonekana mzima, amevaa kitenge kilekile.

Mwaka 2019, Furaha akiwa na miaka 8, mama aliniandikia. Walikuwa wanakula. Furaha aliuliza aliyemzaa anaitwa nani, na kama mtu huyo naye anamngoja. Baba akajibu kwamba hawajui, akaenda kulileta sanduku, wakalifungua wote watano mezani. Aliuliza kwa Kiingereza. Sikuitwa.